Mnene Kakonda, Mwembamba Kanenepa: Maisha ya Nyota Pacha

Muulize mtu yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari ni kitu gani kinachoamua maisha ya nyota, atakujibu kwa neno moja: tungamo. Nyota iliyozaliwa na tungamo kubwa huishi muda mfupi, iliyozaliwa na tungamo dogo huishi sana. Jibu hilo ni sahihi, na kwenye mtihani linakupa alama. Ila linachukulia kwamba kila nyota inaishi peke yake.

Kiukweli, nyota nyingi zina wenza. Nyota mbili huzaliwa kutoka wingu moja la gesi, zikafungwa na mvutano, zikazungukana maisha yao yote. Baadhi zinakaa mbali na kila moja inakula kwake. Nyingine ziko karibu sana, na hapo sisi wa hosteli tuna neno letu: kubebana. Kitanda kimoja, watu wawili, na baada ya muhula mmoja hujui tena shuka ni la nani. Nyota zilizobebana hupeana gesi, na kupeana huko kunabadilisha umri wao, obiti yao na namna zitakavyokufa.

Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati. Mazoezi ya kufundisha nilifanyia katika Wilaya ya Kilosa, shule moja ya kata upande wa Mikumi, na nilipewa Kidato cha Nne. Mada ya Astronomia iko karibu na mwisho wa silabasi, na wengi wetu tunajua yanayoipata: Oktoba ikifika watu wako kwenye mapitio ya mtihani wa Novemba, mada inasomwa kwa kukimbia au hairuki kabisa kutoka kwenye kitabu. Naandika makala haya kwa walimu wenzangu watarajiwa, na kwa wewe wa sheria au kilimo unayependa kuelewa. Hesabu ipo moja tu, na haiumi.

Kulwa na Doto

Tuzipe nyota zetu majina. Mkubwa tumwite Kulwa, mdogo tumwite Doto, kama ilivyo kwa mapacha. Wamezaliwa wakati mmoja, lakini Kulwa ana tungamo kubwa zaidi.

Nyota inaishi kwa kuunganisha haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake. Haidrojeni ndiyo mafuta yake. Kulwa ana mafuta mengi, lakini kiini chake kina joto na mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo anayachoma kwa fujo. Ni kama wanachuo wawili siku bumu limetoka. Mwenye bumu nono anakula chipsi kuku kila jioni, mwenye bumu dogo anakula wali maharage. Atakayeanza kukopa mapema ni yule wa kwanza. Jua letu litatumia takribani miaka bilioni 10 kumaliza haidrojeni ya kiini chake. Nyota yenye tungamo mara tatu ya Jua haifikishi hata miaka milioni 500.

Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini kinasinyaa na tabaka za nje zinavimba. Nyota inakuwa kubwa na nyekundu. Kwa hiyo kanuni inasema hivi: katika mapacha, Kulwa lazima avimbe kwanza. Doto, mwenye tungamo dogo, lazima aonekane bado kijana.

Sasa twende angani tukaikague kanuni hiyo.

Fumbo la Algol

Kuna nyota inaitwa Algol. Jina limetoka Kiarabu, likimaanisha kichwa cha zimwi. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 90, na kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 mwanga wake unapungua hadi karibu theluthi moja, kisha unarudi. Mwaka 1783 kijana wa Kiingereza, John Goodricke, ambaye alikuwa kiziwi na alikuwa na umri wa miaka 18, alipendekeza kwamba huenda kuna kitu cheusi kinachoizunguka na kuikinga. Baadaye ilithibitika: ni nyota mbili, na moja inapita mbele ya nyingine.

Wanaastronomia walipozipima walikuta jambo lisiloingia akilini. Nyota moja ina tungamo takribani 3.2 la Jua, ni ya bluu-nyeupe, bado kijana, bado inachoma haidrojeni katika kiini. Nyingine ina tungamo takribani 0.7 tu, nayo ndiyo iliyovimba na kuzeeka.

Hebu isome tena hiyo. Mwepesi ndiye mzee, mzito ndiye kijana. Ni sawa na kukuta kwamba yule wa wali maharage ndiye aliyefilisika wiki ya pili, na wa chipsi kuku bado ana akiba. Ama kanuni ya tungamo ni ya uongo, ama kuna kitu kimehama mfukoni usiku.

Mwaka 1955 mwanaastronomia John Crawford alipendekeza jibu: huyo mwepesi tunayemwona leo ndiye aliyekuwa Kulwa. Alizaliwa mzito, akazeeka kwanza kama kanuni inavyotaka, akavimba, na alipovimba sehemu kubwa ya tungamo lake ikamwagikia kwa pacha wake. Mnene akakonda, mwembamba akanenepa. Miaka ya 1960 kompyuta zilipoanza kutumika kukokotoa maisha ya nyota hatua kwa hatua, hesabu zilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Lakini gesi inatokaje kwenye nyota moja na kwenda nyingine? Hapa naomba tushuke chini kidogo, mpaka kwenye mito ya kwetu.

Mvua ya Kilosa na mvua ya Kidatu

Mvua ikinyesha kwenye milima iliyo juu ya mji wa Kilosa, maji yanaingia Mto Mkondoa, yanakwenda Wami, yanaishia baharini upande wa Saadani. Mvua ikinyesha Kidatu, maji yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda Rufiji, yanaishia kwenye delta. Bahari ni ileile moja, ila safari ni mbili. Kati ya Kilosa na Kidatu, upande wa Mikumi, ardhi imeinuka, na mwinuko huo ndio unaoamua tone hili ni la nani.

Nyota mbili zilizo karibu zina mwinuko wa namna hiyo, isipokuwa huo haujajengwa kwa udongo. Umejengwa kwa mvutano wa nyota zote mbili ukijumlishwa na athari ya kuzunguka kwao. Ndani ya mpaka wa Kulwa, gesi inarudi kwa Kulwa. Ndani ya mpaka wa Doto, gesi inarudi kwa Doto. Eneo hilo la kila nyota linabeba jina la Édouard Roche, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 19. Mimi nitaliita himaya ya Roche. Ukizichora himaya mbili kwenye karatasi zinafanana na matone mawili ya maji yaliyogusana kwa ncha.

Ile ncha ndiyo penye siri. Kwenye safu ya milima kila mara kuna sehemu moja iliyo chini kuliko nyingine, kilango ambacho barabara hupitia. Jaza maji bonde la upande mmoja: yatapanda, yatapanda, na yakifika kwenye kile kilango yatamwagikia ng'ambo. Ncha inayounganisha himaya mbili ndiyo kilango hicho. Kulwa akivimba mpaka akaijaza himaya yake yote, gesi ya juu inapita kilangoni na kuingia upande wa Doto. Haina cha kuirudisha tena.

Kwa kuangalia himaya, nyota pacha zinagawanyika makundi matatu. Kuna zile ambazo hakuna aliyejaza himaya yake, kila mmoja kwake. Kuna zile ambazo mmoja amejaza na anamwaga, kama Algol. Na kuna zile ambazo wote wamejaza na wanagusana, wanavaa gesi moja kama blanketi moja.

Hesabu yenyewe

Swali linalofuata ni hili: Kulwa akianza kumwaga, ataacha lini? Wengi tungedhani atamwaga kidogo, atapungua, basi yameisha. Kumbe sivyo.

Chukua bembea ya ubao ya watoto. Mtoto mzito anakaa karibu na katikati, mwepesi anakaa mbali, ndipo ubao unatulia. Nyota pacha ni hivyo hivyo: mzito anazunguka karibu na kitovu chao cha pamoja, mwepesi anazunguka mbali. Kilo moja ya gesi ikihama kutoka kwa mzito kwenda kwa mwepesi, inatoka karibu na kitovu na kwenda mbali, na huko inahitaji momenta ya mzunguko kubwa zaidi. Momenta ya mzunguko ya wote wawili haiongezeki yenyewe. Kwa hiyo ili hesabu ilingane, nyota zinalazimika kusogeleana.

Tukichukulia kwamba hakuna gesi inayopotea nje wala momenta inayopotea, kanuni inakuwa rahisi: zidisha tungamo la Kulwa kwa tungamo la Doto, weka zao hilo kwenye kipeo cha pili. Umbali kati yao unabadilika kwa uwiano kinyume na jibu hilo. Zao likikua, umbali unapungua.

Tuanze na Kulwa mwenye tungamo 3 la Jua na Doto mwenye 1. Jumla ni 4, na haitabadilika.

Mwanzoni: 3 × 1 = 3, kipeo cha pili ni 9.

Kulwa akishatoa 1, wote wana 2: 2 × 2 = 4, kipeo cha pili ni 16. Umbali sasa ni 9 gawanya kwa 16, yaani 0.56 ya umbali wa mwanzo. Wamesogeleana mpaka karibu nusu.

Kulwa akibaki na 0.7 na Doto akiwa na 3.3: zao ni 2.31, kipeo cha pili ni takribani 5.34. Umbali ni 9 gawanya kwa 5.34, yaani 1.69 ya umbali wa mwanzo. Wameachana kuliko walivyoanza.

Tazama kinachotokea katika hatua ya kwanza. Kulwa anamwaga, umbali unapungua, umbali ukipungua himaya yake nayo inapungua, himaya ikipungua anazidi kufurika, akifurika anamwaga zaidi. Ni mteremko. Kwa kipimo cha nyota jambo hili linakwenda mbio sana, na kama Doto hawezi kupokea kwa kasi hiyo, gesi inaweza kuwafunika wote wawili, wakazunguka ndani ya wingu moja, wakikaribiana zaidi kila siku.

Lakini wakipita ile hali ya kulingana, mambo yanageuka. Sasa Kulwa ndiye mwepesi. Gesi inatoka mbali na kitovu kwenda karibu, obiti inatanuka, himaya ya Kulwa inakua, na mmwagiko unapoa unakuwa wa taratibu. Hatua ya mbio ni fupi, hatua ya taratibu ni ndefu. Ndiyo maana ukitazama angani leo unazikuta nyota nyingi za aina ya Algol, ambazo tayari zimeshageuzana: ni rahisi kumkuta mtu kwenye usingizi wa saa nane kuliko kwenye dakika moja ya kupanda kitanda.

Hatua ambayo mmwagiko bado ni mkali nayo ipo, na ipo mahali unapoweza kuiona kwa macho. Ni nyota ya Sheliak, katika kundi la Kinubi. Kulwa wake amebaki na tungamo kama 3 la Jua, Doto amefikia kama 13 na amezungukwa na sahani nene ya gesi aliyoipokea. Wanazungukana kwa takribani siku 12.9, na muda huo unaongezeka kwa sekunde 19 hivi kila mwaka. Kwa hesabu tuliyofanya, unajua maana yake: wameshapita hali ya kulingana na sasa wanaachana. Yaani mabadiliko ya obiti, ambayo tungedhani yanahitaji mamilioni ya miaka kuonekana, yanapimwa kwa saa katika maisha ya mtu mmoja.

Swali la dawati la nyuma

Nilipofika hapa darasani, kijana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza, bila dharau yoyote: "Mwalimu, sasa hizi nyota za Wazungu sisi zinatuhusu nini?"

Ni swali la haki. Majina yote niliyokuwa nimeandika ubaoni yalikuwa ya watu wa mbali. Na ni swali ambalo kila mwalimu wa sayansi wa nchi hii atakutana nalo, iwe Kilosa, Kigoma au Kondoa. Nilimjibu kwa neno moja la Kiswahili, na jibu lenyewe linastahili nafasi yake hapa.

Uhuru

Kufikia miaka ya 1960 wanasayansi walikuwa wameshagundua kwamba angani kuna vitu vinavyotoa eksirei kali. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa yetu inazizuia, kwa hiyo walirusha roketi ndogo zilizokaa juu dakika chache tu kisha zikaanguka. Mwaka 1962 roketi ya namna hiyo, ya timu ya Riccardo Giacconi, ilikuta chanzo cha kwanza nje ya familia ya Jua, katika kundi la Nge. Ni kitu gani kile? Hakuna aliyekuwa na uhakika. Ilihitajika setilaiti ya kukaa juu na kutazama kwa miezi.

Setilaiti hiyo ilirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika bahari karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Mahali penyewe ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure, na obiti ya juu ya ikweta inaepuka sehemu kubwa ya mionzi inayosumbua vifaa. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi ilipaa kutoka pale. Ilikuwa siku Kenya inatimiza miaka 7 tangu kujitawala. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa jina kwa heshima ya siku hiyo: Uhuru.

Uhuru ilitazama chanzo kimoja katika kundi la Kantarusi, kinachoitwa Cen X-3, ikakuta eksirei zake zinapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Halafu wakaona mapigo hayo hayaji kwa usawa. Kwa muda yanasogeana, kwa muda yanaachana, na mzunguko mzima unachukua siku 2.09. Umewahi kusimama stesheni ya Kilosa treni ikipita huku inapiga honi? Ikija sauti ni nyembamba, ikiondoka inakuwa nzito. Ni jambo lilelile. Kitu kinachopiga kilikuwa kinakuja kwetu na kuondoka, kinakuja na kuondoka. Zaidi ya hapo, kila mzunguko eksirei zilikatika kwa saa kadhaa kisha zikarudi, kama Algol. Kitu hicho kilikuwa kinazunguka nyota kubwa na kujificha nyuma yake.

Fumbo likafunguka. Kilikuwa ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyokufa, yenye tungamo kubwa kuliko la Jua lakini upana wa kilomita 20 tu au zaidi kidogo, ikipokea gesi ya pacha wake. Gesi ikianguka kwenye kitu kizito na kidogo namna hiyo inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Kilo moja ya gesi ikianguka pale inatoa nishati zaidi ya mara 10 ya ile ambayo ingetoa kama ingeunganishwa kuwa heliamu ndani ya nyota. Mmwagiko uliotatua fumbo la Algol ndio uliotatua na hili.

Na hapa kuna jambo ambalo nilipolielewa nilikaa kimya pale kimbwetani kwa muda. Nyota inapolipuka na kuacha nyota ya nyutroni, inarusha nje sehemu kubwa ya tungamo lake ghafla. Kama pacha watapoteza ghafla zaidi ya nusu ya jumla ya tungamo lao, kamba ya mvutano inakatika na kila mmoja anakwenda zake. Kulwa mzito akilipuka akiwa bado mzito, wangeachana. Mbona Cen X-3 wako pamoja? Kwa sababu kabla ya kulipuka Kulwa alikuwa ameshampa Doto. Alilipuka akiwa amekonda, alichorusha hakikufika nusu, na Doto aliyenenepa akamshikilia. Leo Doto ana tungamo kama 20 la Jua, naye zamu yake ya kuzeeka imefika, anarudisha gesi kwa Kulwa aliyekufa.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Ilipima pia Cygnus X-1, ambako gesi ya nyota kubwa, nyingi yake ikija kama upepo, inaanguka kwa mwenza asiyeonekana. Mwenza huyo akawa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi, na vipimo vya karibuni vinampa tungamo la takribani 21 la Jua. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ina vyanzo 339, na majina yake yanaanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Kuna jozi moja inaitwa 4U 1820-30, nyota ya nyutroni na nyota kibete nyeupe, zinazungukana kwa dakika 11 tu, muda mfupi kuliko foleni ya wali hapa kafeteria. Kila mtafiti duniani anayeiandika anaandika herufi ya neno letu.

Sitaki kulipamba kupita kiasi. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini mikono iliyosoma data haikuwa yetu. Mwaka 1970 Wamarekani walikuja pwani ya Kenya kurusha setilaiti yao. Mwaka 2023 Kenya ilipotaka kurusha Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Kati ya miaka hiyo miwili kuna madarasa mengi ya Kidato cha Nne ambayo mada ya Astronomia haikufikiwa. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, sababu ni nyingi na nyingine ni za fedha. Ila hii moja iko mikononi mwetu sisi tunaosomea ualimu, na haihitaji bajeti.

Chuma cha reli

Kabla ya kufunga, mwisho mwingine wa mapacha. Nyota ya kadiri ya Jua haiachi nyota ya nyutroni, inaacha nyota kibete nyeupe, yenye ukubwa kama wa dunia. Ikipokea gesi kidogo kidogo kutoka kwa pacha, gesi ile inaweza kuwaka juu yake na kung'aa ghafla, kisha ikatulia na kuanza upya. Lakini ikikaribia tungamo 1.4 la Jua, nyota yote inaweza kulipuka isibaki kitu. Milipuko ya aina hii, inayohitaji mwenza, imezalisha sehemu kubwa ya chuma kilichopo ulimwenguni. Chuma cha reli inayopita Kilosa, cha jembe la bibi yangu na kilicho kwenye damu yako kwa kiasi kikubwa kimetoka kwa nyota ambazo hazikuishi peke yake.

Zoezi

Kwa mwalimu mtarajiwa na kwa yeyote mwenye macho, haya matatu:

1. Kulwa ana tungamo 5 la Jua, Doto 3. Hakuna gesi inayopotea. Umbali wao utapungua hadi kiasi gani kabla haujaanza kuongezeka? Linganisha na mfano wa 3 na 1, ueleze ni jozi ipi ina hatari kubwa zaidi ya kumezana.

2. Kati ya Julai na Septemba, kabla ya mtihani na wakati anga ya kiangazi ni safi, tazama kaskazini. Katikati ya Agosti kama saa 3 usiku utaona Vega, nyota angavu sana. Juu yake kidogo kuna nyota mbili za kadiri zilizo jirani: Sheliak na Sulafat. Sulafat habadiliki. Linganisha mwanga wao kila usiku kwa wiki mbili na uandike. Siku nyingine watakaribia kulingana, siku nyingine Sheliak atafifia waziwazi. Ukitoka nje ya taa za mji wa Mikumi huhitaji hata darubini. Daftari linatosha.

3. Mweleze mwanafunzi wa Kidato cha Nne, kwa Kiswahili na bila kutaja fomula, kwa nini katika Algol mwepesi ndiye mzee. Akikuuliza nyota hizo zinamhusu nini, unalo jibu.